Pweza, Akili Isiyo na Mwalimu

Wachokoaji wa pweza hutoka bamvua, maji yakipwa, na wanachotafuta kwanza si pweza bali taka zake: magamba ya kaa na makombe matupu yaliyorundikana mlangoni mwa tundu. Mwenyewe yumo ndani, amejibana penye upenyo mwembamba, ngozi yake imeshika rangi na ukwaru wa mwamba. Mnyama huyu, ambaye wengi tunamjua kwa supu, ndiye anayewaumiza vichwa wataalamu wanaochunguza chimbuko la akili.

Kwa ukoo, pweza ni jamaa wa konokono na chaza. Babu yetu wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na yaelekea alikuwa kijidudu mfano wa mnyoo, mwenye mfumo duni wa neva. Tangu hapo kila ukoo ulishika njia yake. Kwa hiyo akili ya pweza si tawi la akili yetu. Ilichipuka peke yake, baharini.

Umbo lake pia ni la peke yake. Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili zimo mikononi. Mkono hupapasa, huonja na kujikunja bila kungoja amri ya ubongo kwa kila hatua. Jicho, kwa upande mwingine, linashabihiana mno na la binadamu, lenzi na retina, ingawa halikurithiwa kwa babu mmoja.

Kilichomnoa ni nini? Maelezo yanayokubalika na wengi yanaanzia kwenye gamba. Mababu wa pweza walikuwa nalo, wakalipoteza. Nyama laini isiyo na gamba wala mwiba humezewa mate na mkunga, papa na chewa. Aliyesalia ni yule aliyejua kujificha, kukumbuka njia ya kurudi tunduni, na kubadili mbinu ya jana isipofaa leo.

Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuwarekodi kwa video, katika Bahari ya Shamu, pweza wa aina ya Octopus cyanea, ileile inayovuliwa Unguja na Pemba, wakiwinda pamoja na samaki. Mkundaji hutangulia kupekua miamba. Pweza ndiye huamua msafara uondoke lini, kisha hupenyeza mikono matunduni na kuwafurusha waliojificha. Chewa mdoezi, anayengojea vya wenzake, hupigwa ngumi.

Ujuzi wote huo hauna mrithi. Octopus cyanea huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, huyaatamia mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Vitoto huchukuliwa na mikondo, na kila kimoja huanza moja. Binadamu ana utoto mrefu, bibi na babu, na lugha. Huanzia pale waliomtangulia walipofikia.

Ndiyo sababu kuwapima hawa wawili kwa ngazi moja hakutufikishi popote. Mtoto wa binadamu akinyimwa malezi na lugha, ubongo wake mkubwa haumfikishi mbali. Mtoto wa pweza hafunzwi na mzazi chochote, na kabla ya mwaka kwisha ni mwindaji kamili.