Kwa Nini Kanyagio la Breki Huzama Baada ya Kubadili Pedi

Gari la kilo 1,200 litokalo Mwadui kuelekea Shinyanga kwa kasi ya kilometa 80 kwa saa lina nishati mwendo ipatayo jouli 296,000. Likisimamishwa Ibadakuli, nishati hiyo haipotei, bali hugeuka kuwa joto katika pedi na disiki. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na nyuzi 30 za Sentigredi. Kwa kilometa 40 kwa saa, joto lingekuwa robo tu.

Pedi, basi, ni kifaa cha kulika, na mwenye gari mwangalifu aweza kuzibadili mwenyewe. Aendapo dukani achukue pedi kuukuu azilinganishe na mpya kwa umbo, kisha anunue za magurudumu mawili ya ekseli moja. Gurudumu moja likishika kuliko jingine, gari huvutwa upande. Mafuta ya breki yanunuliwe katika kopo ambalo halijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mvuke hubonyea, kimiminiko hakibonyei. Hapo dereva hukanyaga bure. Chupa ya nusu bei iliyokwisha kufunguliwa ni ghali mno.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kwani pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, iletayo saratani ya mapafu.

Hatari kubwa zaidi huja kazi ikiisha. Ili pedi mpya, zilizo nene, ziingie, pistoni ya kila gurudumu husukumwa nyuma. Chukulia silinda kuu ina eneo la sentimeta 3 za mraba na pistoni ya gurudumu 18. Kani huzidishwa mara 6, lakini mwendo nao hugawanywa kwa 6. Pistoni moja tu ikihitaji kusogea milimita 5 kuifikia disiki, ile ya silinda kuu yapaswa kusafiri milimita 30. Zikiwa mbili, 60. Mkanyago mmoja hautoshi. Anayewasha gari na kuondoka papo hapo hugundua jambo hili akiwa tayari barabarani.

Kwa hiyo kanyagio hukanyagwa mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka liwe gumu. Likibaki laini kama sponji, hewa imeingia katika mabomba, na gari lisiondoke kabla fundi hajaitoa.