Mutoto amemaliza mwaka wa 8: tumupeleke opsio gani?

Wiki hii jirani yangu hapa Uvira ameniita. Binti yake amemaliza mwaka wa 8, anataka Tekniki ya Kilimo. Baba hataki. Kwake, kulima hakuhitaji masomo, na opsio ile ni ya wenye walishindwa. Ninajibu hapa juu wazazi wengi wako na wazo ile ile.

Tuanze na utaratibu. Kwetu Kongo, sheria ya 2014 iliweka elimu ya msingi miaka 8: 6 ya primeri na 2 ya sekondari. Mwisho wake kuna TENASOSP, mtihani wa kumuelekeza mutoto. Kiisha anachagua opsio ya miaka 4: Sayansi, Pedagojia, Komersiali, Kilimo, Ujenzi, Umeme na zingine. Anamaliza na Egzameni ya Serikali, na anapita akifikisha 50%. Mwenye kupata diploma katika Kilimo anaruhusiwa kuingia univerziti sawa na mwenye Sayansi. Kwa hiyo, baba, binti yako hapotezi univerziti.

Mimi nilitoka Bio-Kemia. Mwaka wa kwanza wa agronomia walitupeleka shambani kupanda mahindi: mistari sentimita 75, vishimo sentimita 50. Mwenzangu mwenye alitoka Kilimo alifunga mafundo kwenye kamba, akahesabu haraka: are moja, yaani mita mraba 100, inaingia vishimo 266 hivi, punje mbili kila kimoja. Sisi wengine tulikuwa tungali tunatafuta kalamu. Lakini kwenye kemia, yeye ndiye alikuja kwangu usiku, tukarudilia mambo mingi tangu mwanzo. Kila opsio inakupa kitu na inakunyima kitu.

Jina la opsio pekee halitoshi. Mbele ya kulipa minervali, muende kwenye masomo yenyewe, mukaulize:

1. Shamba iko wapi? Kama hakuna shamba, mbegu wala mifugo, mutoto atajifunza kilimo kwa ubao tu.
2. Nani anafundisha masomo ya opsio, na saa ngapi kwa wiki ni za mikono?
3. Staji wanafanyia wapi? Bonde la Ruzizi liko karibu, na mpunga wa Kiringye na Luberizi.
4. Hesabu na kemia zinafundishwa vizuri? Bila hizo, univerziti itamuchosha.

Pale majibu ni mabaya, Sayansi nzuri inashinda Kilimo ya jina. Pale ni mazuri, baba, muache mutoto aende. Mama yake analima, ni kweli. Lakini muhogo ukikunja majani, nani nyumbani anajua kama ni mozaiki, na kama miti ile inafaa kupandwa tena?

Wenzangu, mulipita opsio gani, na iliwasaidia nini? Muandike hapa chini, jirani atasoma.