Farasi Mmoja na Nusu: Gia au Oili Katika Trekta Dogo

Trekta dogo la Kubota L2501 limeuzwa Marekani kwa sura mbili. Injini ni ileile, ya dizeli, silinda tatu, nguvu farasi 24.8. Tofauti iko chini ya kiti. La kwanza lina giaboksi ya kawaida, gia 8 za mbele na 4 za rivasi. La pili lina mfumo wa haidrostatiki: nguvu ya injini hupita kwanza kwenye oili ndipo ifike kwenye magurudumu. Kwa vipimo vya kiwanda, trekta la gia hutoa farasi 20.5 kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. La oili hutoa 19.0. Injini ni moja, lakini farasi mmoja na nusu amepotea njiani. Anayetaka kununua trekta dogo afuatilie kwanza farasi huyo kaenda wapi, maana hapo ndipo lilipo jibu la nini cha kuchagua.

Giaboksi ya gia haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kuendesha gari la klachi. Meno ya chuma hushika meno ya chuma, na kila gia ina mwendo wake. Mkulima huchagua gia inayofaa udongo wake, huweka resi kwa mkono, kisha hulima mstari mzima bila kugusa kitu kingine isipokuwa usukani. Usumbufu huja pale trekta linapotakiwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara kwa mara: kanyaga klachi, simama, ng'oa gia, ingiza rivasi, achia klachi. Mwishoni mwa mstari wa kulima hilo ni jambo dogo. Kwa anayezoa samadi zizini kwa kijiko cha mbele, ni jambo la kurudiwa kutwa nzima, na goti la kushoto ndilo linalolipa.

Katika mfumo wa haidrostatiki, kazi hiyo yote imekabidhiwa bamba moja la chuma, nalo linastahili kutazamwa kwa utulivu. Ndani ya pampu kuna pipa dogo la chuma lililotobolewa matundu kwa duara. Kila tundu lina pistoni yake. Mara nyingi pistoni huwa 7 au 9, idadi witiri, ili oili isukumwe kwa ulaini badala ya mapigo. Injini hulizungusha pipa hilo muda wote. Vichwa vya pistoni huegemea bamba ambalo lenyewe halizunguki, ila linaweza kuinamishwa.

Bamba likiwa limenyooka, pistoni zote huzunguka bila kuingia wala kutoka. Hakuna oili inayosukumwa. Injini inanguruma, pipa linazunguka kwa kasi, na trekta limetulia mahali pake. Bamba likiinama kidogo tu, uso wake unakuwa kama kilima. Kila pistoni sasa hupanda kilima hicho nusu ya mzunguko na kukishuka nusu iliyobaki. Ikishuka inavuta oili, ikipanda inaisukuma. Oili hiyo, kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 200, hukimbilia kwenye mota iliyoundwa kwa mfano uleule, ambayo bamba lake limewekwa mshazari usiobadilika. Huko kazi inageuzwa: oili ndiyo inayosukuma pistoni, pistoni zinazungusha mota, na mota inazungusha magurudumu.

Bamba la pampu likiinama zaidi, oili inaongezeka na mwendo unaongezeka. Likiinamishwa upande wa pili, bomba lililokuwa likisukuma linaanza kuvuta, na trekta linarudi nyuma bila jino la chuma kung'olewa popote. Safari yote, kutoka kusimama hadi mwendo wa mwisho, imo ndani ya mwinamo usiofika nyuzi 20. Pedali imeunganishwa na bamba hilo, kwa hiyo mguu wa dereva ndio unaopima kilima.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1954 taasisi ya taifa ya uhandisi wa kilimo ya Uingereza ilionyesha trekta la majaribio lililoendeshwa hivyo. Mwaka 1966 International Harvester ya Marekani ilitoa trekta la bustani la Cub Cadet 123, lenye mfumo huo na nguvu farasi 12, na mwaka uliofuata ikaupeleka kwenye trekta la shamba, 656. Kwenye matrekta makubwa ya kulima mfumo huu haukutawala. Kwenye madogo umeshika mizizi, hasa Marekani, ambako mwenye shamba dogo hutumia saa nyingi kukata nyasi, kuzoa kifusi na kusukuma theluji.

Anayetoka kwenye gari hukutana na somo la kwanza penye mzigo. Trekta likizidiwa, mguu wake hukanyaga pedali zaidi kama alivyozoea. Kwenye haidrostatiki kukanyaga ni kuinamisha bamba, na kuinamisha bamba penye mzigo ni sawa na kupandisha gia katikati ya mlima. Injini inalemewa, pengine inazimika. Dereva aliyeielewa mashine hufanya kinyume: huachia pedali kidogo. Oili inapungua, mwendo unapungua, na nguvu ya kusukuma inarudi.

Sasa yule farasi mmoja na nusu. Pampu huzunguka hata trekta likiwa limesimama, na kuisukasuka oili hiyo ni kazi inayolipiwa na injini. Hiyo ndiyo tofauti ya 20.5 na 19.0, nayo hupimwa magurudumu yakiwa hayavuti chochote. Trekta likianza kuvuta, hasara inakua. Oili hujisugua kwenye njia zake, na nyingine hupenya kando ya pistoni, jambo lisiloepukika kwa kuwa hiyo ndiyo inayozilainisha. Kwa makadirio ya jumla, meno ya chuma hupitisha kama sehemu tisa katika kumi za nguvu yanayopewa. Oili hupitisha kama nane, na hushuka zaidi mzigo unapokuwa mzito. Kinachobaki huwa joto, na joto huifanya oili kuwa nyepesi, ikazidi kuvuja.

Kwa hiyo kuvuta plau kutwa nzima kwenye udongo uliokauka, chini ya jua la Dodoma au Machakos, ni kuutia mfumo huu kwenye mtihani wake mgumu kuliko yote. Anayelimia wenzake kwa malipo ya ekari atanunua dizeli ili kupasha oili moto. Lakini trekta hilohilo likipelekwa kukata nyasi za uwanja wa hoteli, kupita kati ya miti ya matunda au kupakia samadi, hesabu inageuka. Hapo mwendo hubadilika kila dakika, na uhuru wa mguu una thamani kuliko nguvu iliyopotea.

Fundi wa gereji analitazama suala hili kwa mikono yake. Klachi ikiisha, trekta hutenganishwa katikati, sahani hubadilishwa, trekta huunganishwa tena. Ni kazi ya jasho, lakini inafanyika chini ya mwembe kwa spana, jeki na magogo. Gia ikivunjika jino huonekana kwa macho. Pampu ya haidrostatiki ni habari nyingine. Nafasi kati ya pistoni na tundu lake hupimwa kwa maikroni, na ni ndogo mara kadhaa kuliko unene wa unywele. Vumbi lisilohisika kwenye ncha ya kidole linatosha kuchora mstari utakaovujisha shinikizo, na mstari huo hauchomelewi. Ndiyo maana fundi mwaminifu huuliza kwanza kuhusu oili na filta: ni oili gani, imebadilishwa lini, filta imetoka wapi. Gia humwadhibu dereva mbaya, oili humwadhibu mwenye trekta mzembe.

Yapo mengine ya kuzingatia. Trekta la gia betri ikifa laweza kusukumwa likawaka, la oili haliwezi. Likiegeshwa mteremkoni, la oili hujongea polepole kwa kuwa shinikizo huvuja, hivyo breki ya mkono si ya hiari. Trekta la oili lililotumika lipimwe likiwa limepata moto, baada ya nusu saa ya kazi, likipanda mlima. Likiwa baridi, pampu iliyochoka hudanganya. Hata likifaulu, hakuna kipimo kinachosema limebakiwa na saa ngapi za uhai. Na pampu hiyo ikifa wilayani, ni nani atakayeileta nyingine, na kwa bei gani? Muuzaji anapaswa kuulizwa hilo kabla ya fedha kutoka.

Kwa mkulima wa Afrika Mashariki ambaye trekta lake litavuta plau, haro na tela, gia ndiyo chaguo sahihi. Kwa mwenye zizi, bustani au uwanja, ambaye kazi yake ni mbele na nyuma, na ambaye oili safi na filta halali vinapatikana karibu naye, haidrostatiki itamlipa. Yeyote atakayeichagua aweke kando fedha ya oili na filta siku ileile anayonunua trekta.