Meno ya Msumeno na Kazi Zake

Wasikilizaji wetu, mtu wa Wasso aliyeweka akiba ya kununua msumeno hufika dukani akatazama urefu wa bamba, na mpini, na bei. Meno hayatazami, nayo ndiyo yakatayo. Kazi ya bamba ni kuyabeba tu. Leo twapenda kueleza jinsi ya kuyachagua, kwa kuwa msumeno usiofaa humpotezea mtu mbao, nguvu na fedha pamoja.

Kwanza yapasa kuujua mti. Mti una nyuzi zilizolala kwa urefu wa gogo, mfano wa mzigo wa fito uliofungwa kamba. Apasuaye ubao kwa urefu hufuata nyuzi hizo. Aukataye kwa upana huzikata zote. Kazi hizi ni mbili, na kila moja ina meno yake.

Msumeno wa kupasulia una meno makubwa, kama 5 katika inchi 1. Ncha ya kila jino imenyooka kama makali ya patasi, nayo hubandua nyuzi vipande vipande. Msumeno wa kukatia una meno madogo zaidi, kama 8 hata 10 katika inchi 1. Hayo huchongwa kwa tupa mshazari, hata kila jino likawa kama ncha ya kisu. Ukikata kwa upana kwa msumeno wa kupasulia, nyuzi hung'olewa badala ya kukatwa, na ubao huharibika ukingoni. Ukipasua kwa msumeno wa kukatia, kazi itakwenda, lakini polepole sana.

Tena, tazameni meno kwa juu: yamepindwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bamba, msumeno usikwame. Mti mbichi wataka meno makubwa yaliyopindwa zaidi. Mti mkavu na mgumu wataka madogo yaliyopindwa kidogo. Mtarakwa ni mwepesi wa kukatwa, hata penseli zimefanywa kwa mti huo. Lakini mti wa jamaa ya mzeituni, ambao wauza mbao huuita loliondo, ni mzito na mgumu. Meno makubwa yaendayo vyema katika mtarakwa hurukaruka katika loliondo.

Methali husema kuwa msumeno hukata mbele na nyuma. Ni kweli kwa ule mrefu wa watu wawili ukatao magogo. Lakini msumeno wetu wa kawaida wa mkono meno yake huelekea mbele. Hukata ukisukumwa, na ukirudishwa usiukandamize, maana hivyo makali huisha bure.

Chuma nacho hakina nyuzi, na msumeno wake ni mwingine: una kiunzi, na bamba jembamba liondolewalo likichakaa. Mabamba hayo huuzwa ya meno 18, 24 na 32 katika inchi 1. Kanuni yake ni hii: wakati wote meno 3 au zaidi yawe juu ya chuma. Yakiwa machache, ukingo wa chuma huingia kati ya jino na jino, na meno huvunjika. Wanafunzi na wapige hesabu: meno yakiwa 24 katika inchi 1, meno 3 huchukua thumuni ya inchi. Basi bomba la maji ambalo unene wa chuma chake haufiki thumuni lataka bamba la meno 32. Chuma kinene chataka meno 18, ili unga wake upate nafasi ya kutoka.

Jambo la mwisho. Misumeno mingi ya siku hizi ina meno yaliyokaushwa kwa moto, nayo huonekana meusi. Hukaa na makali muda mrefu, lakini tupa haiyawezi. Yakiisha makali, msumeno hutupwa. Mwenye fedha za msumeno mmoja tu na anunue wa kukatia, wenye meno 8 katika inchi 1, ambayo tupa yaweza kuyanoa. Huo utakata kwa upana vizuri, utapasua kwa subira, na ukitunzwa utamfaa yeye na mwanawe.