Kurekodi nyumbani: bati, tembo na ritungu

Majuzi nilikuwa Nyanungu, wilayani Tarime, kule ambako mashamba ya mahindi yanaishia na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inaanzia. Sikwenda kutazama nyumbu. Nilikwenda kurekodi albamu yangu ya nyimbo nane nyumbani kwa mjomba wangu, bila studio na bila fundi. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza jambo hilo linafanyikaje, basi leo nieleze.

Kwanza niseme kwa nini sikwenda studio. Mwaka 1996 nilifika mjini na nyimbo sita, nikamkabidhi bwana mmoja aliyekuwa na mashine. Alinirekodi vizuri, kwa hilo sina ugomvi naye. Lakini hatukuandikishana kitu. Miezi michache baadaye nikaisikia sauti yangu stendi ya mabasi, kwenye kibanda cha kanda, na jalada lina picha ya mtu nisiyemjua. Niliinunua kanda ile kwa fedha yangu mwenyewe. Ndiyo nakala pekee niliyo nayo mpaka leo.

Kurekodi nyumbani si jambo geni. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, mashine ndogo iliyorekodi njia nne juu ya kaseti ya kawaida. Kwa mashine hiyo Bruce Springsteen wa Marekani alirekodi chumbani nyimbo za majaribio ili bendi yake ijifunze. Bendi ilipozipiga studio hazikumridhisha, na kaseti ile ya chumbani ndiyo iliyotoka mwaka 1982 kuwa albamu ya Nebraska. Leo kompyuta ndogo yenye programu ya bure kama Audacity inakupa njia nyingi kuliko utakazohitaji.

Kwa hiyo siku hizi mashine si tatizo kubwa. Tatizo ni chumba. Nyumba ya saruji na bati inarudisha sauti kama kisima, na mvua ikinyesha huna la kufanya ila kunywa uji. Tulihamia nyumba ya zamani ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, tukatundika mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji, na tofauti ilikuwa kubwa. Kipaza sauti kaa nacho umbali wa shubiri moja, kidogo upande, ili herufi P na B zisikipige kwa pumzi. Soksi nyembamba ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya inasaidia sana. Na mshale wa sauti usiuache uguse nyekundu. Sauti iliyorekodiwa chini unaweza kuipandisha baadaye, lakini iliyopasuka imepasuka.

Ritungu lilitupa kazi zaidi. Kwa msiolijua, ni kinanda cha Wakurya chenye nyuzi nane, kikubwa, chenye sauti nzito inayonguruma. Ukikiweka kipaza sauti karibu na ngozi unapata mngurumo mtupu. Ukikiweka mbali unapata kuku wa jirani. Tulihangaika asubuhi nzima hadi tukaona kuwa umbali wa mkono mmoja, kikielekea nyuzi, unatosha. Kisha sikiliza kazi yako kwenye simu, si kwenye spika kubwa tu. Spika ya simu haina uwezo wa sauti nzito, na huko ndiko wanunuzi wengi wa leo watakakokusikia.

Utaratibu wa kisasa ni kurekodi tabaka kwa tabaka: kinanda kwanza, sauti baadaye, huku mlio wa kuhesabu mapigo ukigonga masikioni. Mjomba alivaa vile visikilizio dakika mbili, akavivua. "Mura, kuna mtu ananigongea mlango humu," akasema. Basi tukaimba na kupiga kwa pamoja, kama bendi zetu zilivyokuwa zikirekodi pale Redio Tanzania Dar es Salaam. Ukikosea, mnaanza upya wote. Wimbo wa tatu tuliurudia mara kumi na moja.

Siku ya nne, nikiwa naandika majina ya nyimbo kwenye kompyuta, mjomba akachungulia. Hasomi sana, lakini jina lake analijua. "Mura, mimi nimekaa wapi hapo?"

Nilinyamaza, maana hakuwapo popote. Nilikuwa nimeandika jina langu tu, mtu yule yule aliyenunua kanda yake stendi.

Hapa sheria iko wazi, na inafaa mwanamuziki aijue kabla ya kujua kompyuta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na vilevile inamtambua mpigaji na mwimbaji kwa kazi yake. Haki inaanza pale kazi inapotungwa. Kujiandikisha COSOTA kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Tena ni vitu viwili tofauti: wimbo ni mali moja, na rekodi ya wimbo ni mali nyingine. Kunirekodi hakukumpa yule bwana wa mjini umiliki wa nyimbo zenyewe.

Tukachukua daftari la shule tukaandika nakala mbili. Maneno yote ni yangu. Nyimbo tatu ambazo mapigo yake ameyatunga mjomba tumezitunga wawili. Mapato ya rekodi, nusu kwa nusu, baada ya kutoa nauli. Mke wa mjomba akawa shahidi, na alitaka asomewe mara mbili kabla ya kuweka dole gumba. Nusu saa ilitosha.

Wimbo wa nane tuliurekodi usiku, kukiwa kimya. Katikati ya ubeti wa mwisho madebe yakaanza kugongwa bondeni, watu wanafukuza tembo mashambani. Nikanyoosha mkono nizime. Mjomba akatikisa kichwa na kuendelea kupiga. Madebe yamo kwenye albamu.