Bungulu: Mwalimu wa Kiingereza anayetamani Korea aangalie kwanza pasipoti

Kijana wa komine ya Bungulu, muji wa Beni, anaweza kujua Kiingereza vizuri na kuwa na diploma, lakini kazi ya kufundisha watoto wa Korea ya Kusini ikamupita. Sababu ni pasipoti.

Kule, watoto wengi wakitoka masomo wanaenda tena jioni ku masomo ya watu binafsi yanayoitwa hagwon. Mwalimu mugeni anaingia na viza E-2. Kwa Kiingereza cha hagwon, inatolewa kwa raia wa inchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Kongo haimo. Hata hao wanaombwa diploma ya chuo kikuu na hati ya kwamba hawakufungwa.

Basi, anayeahidi viza hiyo kwa feza anauza kisicho chake. Na kufundisha kwa viza ya matembezi ni kuvunja sheria. Mwisho ni kufukuzwa.

Kazi ya karibu iko. Tangu 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wachuuzi wa Beni wanavuka Kasindi kununua Uganda. Nao wanahitaji Kiingereza.