Taarab ya Mombasa: Kanda ikiharibika, utungo nao hupotea

MTUNZI wa Ulaya anapoandika konseto, yaani utungo ambamo ala moja hujibizana na kundi zima la wanamuziki, huacha karatasi zenye alama za muziki. Santuri ikivunjika, karatasi hubaki, na wapigaji wengine huweza kuufufua utungo huo hata baada ya karne mbili.

Kwa taarab asilia ya Mombasa, mambo ni kinyume. Mpiga udi hujifunza kwa sikio, na anachokipiga leo huenda akakipamba kwa namna nyingine kesho. Kwa hivyo, mara nyingi kilichonaswa katika santuri au kanda ndicho nakala ya pekee ya muziki wenyewe.

Ikumbukwe kwamba taarab hii nayo ni muziki wa watu wachache, kila mmoja na kazi yake. Udi huongoza, fidla au akodioni huitikia baina ya beti, nayo dumbaki hushika mapigo. Kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, mpiga udi huweza kupiga taksim, kipande kisichofungwa na mapigo, ili kumjulisha msikilizaji maqam ambayo wimbo umejengwa juu yake.

Chombo cha kurekodia kimeathiri sana muziki huo. Siti binti Saad wa Zanzibar aliporekodi mjini Bombay mwaka wa 1928, santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo uliozoea kurefuka harusini ulilazimika kukatwa: beti zikapunguzwa, madoido ya ala yakafupishwa.

Mjini Mombasa, palikuwa na kituo cha redio cha Sauti ya Mvita. Baadaye duka la Assanand lilitoa santuri za taarab kwa nembo ya Mzuri.

Kanda za kaseti ndizo zilizoleta mageuzi makubwa. Kanda ya dakika 60 ilitoa nusu saa kila upande, na mtu aliweza kuirekodi harusi nzima, pamoja na vigelegele na tunzo. Maduka kama Mbwana Radio Service yakawa maktaba za umma zisizo rasmi.

Hasara ya kupoteza kanda hizo si ya muziki pekee. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, mshairi ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka wa 1971. Lakini si kila shairi lililoimbwa lilipata bahati ya kuingia kitabuni.

Juhudi za kuhifadhi zimekuwapo. Mwaka wa 1990, Globestyle ya London ilitoa albamu ya Zein l'Abdin, Mtindo wa Mombasa. Mwaka wa 2005, Buda Musique ya Ufaransa ilikusanya rekodi za Mombasa za 1965 hadi 1975 katika mfululizo wake wa Zanzibara. Hata hivyo, hizo ni tone katika bahari ya kanda zilizomo makabatini.

Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Joto na unyevu wa pwani huidhoofisha gundi hiyo na kuotesha ukungu. Aidha, kila kanda inaponakiliwa kutoka kwa nakala nyingine, sauti huzidi kufifia na mvumo kuongezeka.

Mwenye kanda za zamani anashauriwa asizicheze ovyo katika mashine chafu. Aziweke pakavu, atafute ile iliyo karibu zaidi na rekodi ya asili, na aihamishie kwenye kompyuta katika faili isiyobanwa.

Jambo la mwisho halihitaji mtambo wowote: kuandika jina la mtunzi, mwimbaji, wapigaji, mahali na mwaka. Juma Bhalo alifariki mwaka wa 2014, naye Zein akamfuata mwaka wa 2016. Sauti inaweza kusafishwa na mafundi hata miaka ijayo, lakini wanaoweza kutambua ni nani aliyepiga fidla katika harusi ya Kibokoni wanapungua kila mwaka.